Kifundo cha Kushoto

Jumatano, 5 Juni

Daktari kaniambia nianze leo. Kila siku niandike namba. Sifuri maana yake hakuna maumivu, kumi maana yake nalia. Nikamwambia mimi silii. Akasema, "Basi mzee, kumi yako iwe siku utakayotamani kulia." Ana umri wa binti yangu Selestina na hacheki ovyo. Nimempenda, ingawa habari aliyonipa sikuipenda.

Habari yenyewe ni hii. Picha ya eksirei imeonyesha kwamba gegedu, ile ngozi laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa, imelika karibu yote kwenye kifundo changu cha kushoto. Ni matokeo ya mwaka 2009, niliposhuka mlima Lengai na wageni wanne, nikateleza, nikafunga kitambaa na kutembea siku mbili zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naongoza na anayeongoza hakai chini. Mfupa ulikuwa umevunjika, ukaunga vibaya. Tangu hapo umekuwa ukisagana, miaka kumi na mitano, na mimi nikiuita baridi yabisi na kujipaka dawa ya kuchua.

Amenichoma sindano ya steroidi ndani ya kiungo. Nilitazama ukutani mpaka alipomaliza. Kisha masharti: siku mbili za mwanzo huenda pakauma zaidi, wiki mbili nisipande wala kushuka mlima, na nisichomwe nyingine kabla ya miezi mitatu, tena hapo hapo hospitalini. "Hii haiponyi, mzee," akasema. "Inanyamazisha tu. Ukiona kimya usidhani pamepona."

Nimeitikia yote. Sikumwambia kwamba tarehe 15 kuna saa ya Seif, mwajiri wangu.

Maumivu: saba.

Alhamisi, 6 Juni

Tisa. Marsela kaniletea chai kitandani, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane. Nimemwambia asizoee.

Ijumaa, 7 Juni

Sita.

Jumamosi, 8 Juni

Mbili! Nimekwenda kisimani na kurudi.

Jumapili, 9 Juni

Sifuri. Nimesimama kanisani muda wote wa misa, hata pale wengine walipoketi. Marsela alinivuta koti mara mbili. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliweka mguu huu chini bila kuufikiria. Tukiwa njiani kurudi nyumbani hapa Buger nilitaka kukimbia, mtu mzima mwenye miaka hamsini na mmoja, na suti.

Jumatatu, 10 Juni

Sifuri. Nimepanda Bulati kukagua punda wa msimu. Nimepanda kwa gari, daktari asinune.

Punda ni wa Parmuat. Huu ni msimu wetu wa kumi na nne pamoja: yeye na punda wake hubeba mahema na chakula, mimi naongoza wageni kwa miguu kutoka ukingo wa kreta hadi Engaresero, kule chini ziwani. Ni mtu wa maneno mengi na simu mbili. Leo niliposhuka garini hakunisalimia. Alikuwa akitazama chini, nyuma yangu, kwenye vumbi nililopita.

"Hii mguu ya kushoto haishuki yote," akasema. "Kisigino inaogopa."

"Kinaogopa nini?"

"Mimi sijui. Iulize."

Nikamwambia mguu wangu ni mzima, hauumi popote, naye awatazame punda wake. Akasema hajasema unauma, kasema hautui. Tumecheka, lakini mimi nilicheka kwa meno tu. Kuhusu punda hakuna anayebishana naye, anamjua kila mmoja kwa kwato zake. Lakini mimi si punda.

Jumatano, 12 Juni

Sifuri. Nimekwenda Karatu kununua viatu na nimemwona Parmuat akitoka ofisini kwa Seif. Kaniamkia huku anaangalia pembeni. Nimemuuliza amefuata nini mjini. "Mambo ya punda," akasema. Mtu mwenye simu mbili anasafiri kutoka Bulati mpaka Karatu kuongea mambo ya punda!

Najua alichokifuata. Ana mdogo wake anayetaka kuwa mwongozaji. Nikianguka mimi, nafasi iko wazi.

Jumamosi, 15 Juni

Niieleze saa ya Seif, maana daktari akilisoma daftari hili hataelewa. Seif ndiye mwenye kampuni, mtoto wa muuza duka wa Karatu aliyeacha kuuza sukari akaanza kutembeza wageni. Kila Juni, kabla ya msimu, huwapeleka waongozaji wake wote Empakaai. Tunashuka ndani ya kreta hadi ziwani, tunagusa maji, tunapanda. Yeye husimama juu ukingoni na saa yake. Atakayezidisha saa mbili haongozi msimu ule. Hana maneno mabaya, anakwambia tu "pumzika, mzee wangu", na aliyewahi kupumzishwa sijamwona akirudi.

Marsela alisimama mlangoni tangu saa kumi alfajiri. "Baba Selestina, yule daktari alisema wiki mbili. Leo ni siku ya kumi."

"Mama Selestina, mguu hauumi."

"Hauumi kwa sababu wamekuchoma."

Nilivaa viatu nikaondoka.

Nimetumia saa moja na dakika arobaini na moja. Nimewapita vijana wawili kwenye kona za juu, pale msituni, na mmoja wao nilimsalimia kwa heshima zote nikiwa nampita ili imuume vizuri. Nilipofika juu Seif alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe maneno ya watu!" akasema. "Nilikuwa na wazo jingine juu yako, mzee wangu, la kule Engaresero. Lakini kwa mwendo huu ningekuonea."

Sikuuliza wazo gani. Nilikuwa namtazama Parmuat, aliyekuja na punda kubeba maji. Wote walipiga makofi, yeye alikuwa anakaza kamba. Nilifurahi sana, nakiri. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha uongozaji.

Maumivu: sifuri. Usiku moja.

Jumatatu, 1 Julai

Safari ya kwanza, Wadachi sita. Sifuri.

Alhamisi, 4 Julai

Tumeingia Engaresero salama. Mbili wakati wa kushuka ukuta wa bonde, kisha ikapotea.

Jumanne, 9 Julai

Tatu.

Alhamisi, 11 Julai

Tatu asubuhi, nne jioni. Punda mmoja, yule mwenye sikio lililochanika, ameanza kuchechemea tukiwa tunakaribia Naiyobi. Si sana, mimi nisingeona. Parmuat alisimamisha msafara mzima, akamshusha mzigo wote, akawagawia wengine, na hema moja akajitwisha mwenyewe. Punda akaenda mtupu mpaka kijijini, na hapo akamwacha kwenye boma la shemeji yake. Wiki tatu, akasema, labda nne.

"Unamlea kama mkwe," nikamwambia.

"Huyu hawezi kusema uongo," akajibu. "Ndiyo maana nafuga punda." Akanitazama mguu. Wageni waliomba nitafsiri, nikawaambia anaulizia hali ya hewa.

Jumatano, 17 Julai

Tano. Asubuhi nashikilia ukuta mpaka kifundo kipate moto.

Ijumaa, 19 Julai

Sita. Safari ijayo ni Jumatatu.

Jumamosi, 20 Julai

Sindano ya pili. Nimeipata kwa Swaleh, mwenye duka la dawa kule mjini. Kabla ya duka alikuwa tabibu wa zahanati, mkono wake ni mwepesi. Aliuliza ya kwanza nilichomwa lini. Nikasema Machi. Akauliza daktari kasemaje. Nikasema kasema kila maumivu yanaporudi nichomwe. Mtu mwema yule, mwenye kuswali, akasema, "Mzee Clemensi, mimi nakuamini wewe."

Uongo mmoja ningeweza kuubeba. Nilisema mara mbili, tena mbele ya mtu anayeniamini.

Jumatatu, 22 Julai

Moja. Basi na iwe hivyo.

Jumatano, 31 Julai

Mbili. Vumbi mwaka huu ni jingi, ukuta wa bonde umekauka mpaka mawe hayashiki. Parmuat siku hizi anatembea nyuma yangu kabisa. Zamani alikuwa akiimba. Sasa nasikia tu fimbo yake, na najua anatazama nyayo zangu. Mtu unatembea mbele za watu unaowaongoza, na nyuma yako kuna mtu anakusoma.

Jumapili, 11 Agosti

Nne. Sindano hii imekaa wiki tatu tu.

Marsela anavuna mbaazi peke yake. Nimemwambia nikirudi safari ya mwisho nitamsaidia kuzipura. Akasema, "Safari ya mwisho ni ipi?" Nikasema Oktoba. Alichukua kikapu.

Alhamisi, 15 Agosti

Saba. Sasa panauma na nyuma, juu ya kisigino, kwenye ule mshipa mnene.

Jumamosi, 17 Agosti

Sindano ya tatu. Swaleh hakutaka. Alisema nirudi kwa daktari kwanza. Nikamwambia daktari huja Karatu mara moja kwa mwezi na kwamba wageni nane wamelipia kutembea na mimi kwa jina langu. Hilo la jina lilikuwa kweli. Akauliza panauma wapi. Niliweka kidole mwenyewe, nyuma, juu ya kisigino. Nilimwonyesha mahali pa kuchoma.

Ngozi pale imekuwa nyeupe, doa dogo, na inang'aa. Simwonyeshi Marsela.

Jumatatu, 26 Agosti

Tunaanza. Wageni wanane, askari wa hifadhi mmoja, Parmuat na punda sita. Sifuri. Nimeandika sifuri na sioni raha yoyote.

Jumamosi, 31 Agosti

Naandika nikiwa nimelala nyumbani, mguu juu ya mto.

Alhamisi tuliondoka kambini alfajiri ili tuushuke ukuta wa bonde kabla ya jua kali. Lengai ulikuwa umekaa upande wa kulia, mweupe kileleni, na ziwa linaonekana chini kabisa. Nilikuwa nawaambia wageni waweke miguu upande upande, wasishuke kwa vidole. Mguu wangu ulikuwa kimya. Nilikuwa hata nimeusahau, na niliposahau nikaruka. Jiwe dogo tu, urefu wa stuli. Nilitua kwa kushoto.

Mtu alinipiga nyuma ya mguu. Ndivyo nilivyojua, na hata sasa mwili wangu unajua hivyo. Nilisikia mlio, tap, kama fimbo kavu, na nikahisi pigo juu ya kisigino. Nikaanguka kwa mikono. Sikuuliza kitu. Niligeuka nikiwa chini, mbele ya wale wageni wanane, nikapiga kelele: "Parmuat! Umenipiga! Tangu Juni unataka nianguke, sasa umenipiga!"

Nikasema na mengine. Nimeyaandika hapa na nimeyafuta.

Parmuat alikuwa juu kwenye kona nyingine, hatua kama thelathini. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Hapakuwa na punda. Kulikuwa na njia tupu na lile jiwe.

Askari alikuwa amesikia kila neno. Wageni hawakuelewa maneno, lakini sauti hawakuikosa, walisimama wamekusanyika kama watoto waliosikia wazazi wakigombana. Parmuat alishuka taratibu. Alipiga magoti, akashika kisigino changu, akakisogeza juu na chini, kikaenda huku na huku bila mimi kukizuia. Aliweka kidole pale penye mshipa na kidole kikazama. Nikaona uso wake ukibadilika, na hapo ndipo nilipoogopa.

Alimchagua punda mkubwa, akamshusha mzigo. Akavua shuka yake moja, akaikunja, akaitandika mgongoni. Yeye na askari wakanipakia. Nimeongoza njia ile miaka ishirini na miwili, na nimeingia Engaresero juu ya punda, nikishikiliwa kiuno na mtu niliyetoka kumtukana, huku wageni wakitangulia. Akina mama wanaouza shanga walisimama kutazama. Mmoja alicheka, wengine wakamnyamazisha, na kunyamazishwa kule kuliniumiza zaidi.

Ajabu ni kwamba haikuuma sana. Ukiuliza namba, nne.

Siku ile nilitamani kulia. Na daktari alisema kumi ni siku hiyo, kwa hiyo niandike kumi.

Jumatano, 4 Septemba

Nilimpa daktari daftari hili kwa kuwa ndivyo alivyoagiza. Sikukumbuka nilichoandika mle. Alisoma, akapindua, akarudi nyuma, akasoma tena. Alipofika kwa Swaleh aliweka kalamu mezani.

"Miezi miwili na nusu, sindano tatu," akasema. "Na hii ya mwisho imeingia kwenye kano."

Kano ndiyo ule mshipa mnene. Imekatika yote. Kwa kawaida wangeishona, lakini dawa imezilegeza nyuzi zake na ngozi ya juu imekuwa nyembamba, akipasua huenda isifunge. Na kifundo chenyewe, akanionyesha picha mpya kando ya ile ya Juni, hakina tena nafasi kati ya mfupa na mfupa. Dawa ni kuigandisha mifupa iwe mmoja, huko hospitali kubwa, lakini ngozi hii haiwezi kuhimili hilo sasa. Labda mwakani. Labda.

"Na nikigandishwa, nitashuka ukuta wa bonde?"

"Mzee, utatembea nyumbani."

Nilimwomba asimshitaki Swaleh, nilimdanganya mimi. Akasema, "Najua. Umeandika." Kisha akanirudishia daftari, akaniambia niendelee.

Nimefungwa hogo, ile plasta ngumu, kutoka vidoleni hadi gotini, kisigino kimeinuliwa. Marsela alisubiri nje. Nilipomwambia hakusema, "Nilikwambia." Ningepona kidogo kama angesema.

Maumivu: tatu.

Septemba

Tatu. Tatu. Mbili. Sioni sababu ya tarehe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Seif kaja, na mche wa sabuni na sukari kama mtu anayekuja msibani. Ameketi pale alipokaa mpiga picha siku ya kipaimara cha Selestina. Ametoa pole nyingi. Mimi nilikuwa nangoja amalize ili niseme nililolipanga wiki nzima.

Nikasema: "Lile wazo la Engaresero. Lilikuwa nini?"

Alitazama mikono yake. "Kambi, mzee wangu. Nilifungua kambi ya kudumu kule. Nilitaka msimamizi anayejua wageni, akae pale pale, asitembee. Nyumba ipo, gari lipo."

"Na watu waliosema maneno?"

"Ni Parmuat. Alikuja Juni. Akaniambia, Clemensi mguu wake umechoka, hatasema, atatembea mpaka ukatike. Mpe ile kambi. Akaniomba nisikwambie kama ni yeye, kwa sababu ukijua utaikataa kwa kiburi." Akaisogeza ile sukari kando. "Nilikuwa nimeshakubali. Kisha nikakuona Empakaai. Saa moja na dakika arobaini na moja! Nikasema huyu Mmasai kazidisha."

Niliuliza kama kambi ina mtu sasa. Ina mtu, Patrisi, mkataba wa miaka miwili. Isitoshe, akasema kwa upole, kule ni mchanga na mawe, na mimi sasa ni mtu wa magongo.

Nilimsindikiza kwa macho. Nimekaa na sentensi hii tangu mchana: nilishinda ile saa, na kwa kushinda huko nikaipoteza kambi. Niliichukua nafasi niliyokuwa nimeshapewa kutoka mkononi mwangu mwenyewe, na nikapigiwa makofi.

Mbili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepiga simu zote mbili za Parmuat. Hazipatikani. Mbili.

Jumanne, 22 Oktoba

Hazipatikani.

Jumatano, 6 Novemba

Hogo limetolewa. Mguu umekuwa mwembamba kama si wangu. Nikiulaza chini unalala, nikiuambia usukume hausukumi. Doa jeupe limefunguka, kidonda kidogo, na daktari hakukipenda. Habari za kugandisha mifupa hakuzitaja na mimi sikuuliza. Mbili.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua za vuli zimeanza. Leo asubuhi nilijikokota kwa magongo mpaka chooni na kurudi, na uwanja ulikuwa na tope laini. Nilipoketi mlangoni nikamwona Parmuat amesimama penye uzio. Amekuja toka Bulati, na chupa ya mafuta ya kondoo, shuka imelowa. Hakunisalimia. Alikuwa akitazama chini.

Nikatazama alipotazama. Unyayo mmoja wa kulia, mashimo mawili ya magongo, unyayo wa kulia, mashimo mawili. Wa kushoto haukuwepo popote uwanjani.

Nilingoja aseme kitu. Huyu ni mtu aliyeweza kuongea kutoka Nainokanoka hadi Empakaai bila kumeza mate. Aliendelea kutazama tope.

Basi nikasema mimi. Nikasema nilikukosea mbele ya watu, na nilikukosea moyoni kabla ya hapo, tangu ile siku ya ofisi ya Seif, na sasa najua ulichokwenda kufanya.

"Ndiyo," akasema.

"Nisamehe."

"Nilishasamehe kule kule, wakati nakupakia. Wewe ulikuwa mzito sana, nisingeweza kubeba na hasira." Akajaribu kucheka. Kisha akauliza yule daktari anasemaje, nikamwambia, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Marsela alimpa chai. Aliponyanyuka kuondoka alizunguka pembeni ya uwanja, kwenye nyasi, asikanyage zile alama.

Nilidhani nikiombwa radhi, au nikiomba, kitu kingelegea kifuani. Hakijalegea. Tumesameheana na mguu uko vilevile.

Mbili.

Jumanne, 26 Novemba

Moja. Kidonda hakijafunga.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua imekatika tangu jana na hewa imesafishika. Kutoka mlangoni kwangu safu nzima ya kreta inaonekana, hata miti ya ukingoni. Patrisi wa kambini kampigia Marsela simu kutupa heri ya Noeli, kasema wageni ni wengi, kasema kuna mwongozaji mpya, ni mdogo wake Parmuat. Anatembea vizuri, kasema.

Nimemwomba Marsela anigeuzie kiti kielekee shambani. Amekigeuza bila kuuliza, akaenda kupanda mahindi. Anachimba shimo, anarudi nyuma kuweka mbegu, anafukia kwa mguu. Kazi ya watu wawili. Nimemtazama mistari minne, halafu nimefumba macho.

Daktari anataka daftari wiki ijayo. Atafungua ukurasa huu na atafurahi kidogo, kwa kuwa tangu Juni alikuwa akiitafuta namba hii.

Maumivu: sifuri. Sijasimama tangu asubuhi.